Mwalimu wa Tiba Kwenye Kamati: Kuingia, Kufanya Kazi, Kutoka

Mwalimu wa tiba wa Malindi ana kazi za watu wawili na saa za mtu mmoja. Asubuhi yuko wodini, wanafunzi wamekizunguka kitanda; mchana yuko darasani; jioni simu inalia, kuna kamati inataka mjumbe. Wengi hukubali kwa kuona haya. Huenda kikaoni, wakakaa, wakanywa chai, wakatia saini karatasi ya mahudhurio. Mwaka ukiisha hakuna kilichobadilika wodini wala darasani, ila mwalimu amechoka zaidi.

Mwongozo huu ni wa mkufunzi wa chuo cha mafunzo ya tiba, wa mhadhiri anayeleta wanafunzi pwani kwa mafunzo ya vitendo, na wa daktari, afisa tabibu, muuguzi au mfamasia ambaye hana cheo cha ualimu lakini wanafunzi humfuata kila siku. Tumeuandika tukiangalia hali ya Malindi na Lamu, ambako walimu ni wachache na jina moja huonekana kwenye kamati nne. Ushauri wetu ni huu: shika kamati moja, na uipangie muda wa kabla na wa baada ya kikao, maana huko ndiko kazi iliko.

Zijue kamati kabla ya kuitikia

Chuoni kuna kamati ya mtaala, ya mitihani, ya udahili, ya nidhamu na ya ustawi wa wanafunzi. Hospitalini kuna kamati ya dawa na tiba, ya kuzuia maambukizi, ya ubora wa huduma, na ile inayopitia vifo vya wajawazito na watoto wachanga. Kati ya pande hizo mbili iko kamati ya maadili ya utafiti. Nchini Kenya kamati hiyo ni lazima iwe imeidhinishwa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na utafiti wowote unaohusu watu hauanzi bila kibali chake.

Udahili una kazi nyingi kwa majuma machache, kisha kimya. Nidhamu hatumshauri mgeni aanze nayo: itakugombanisha na wanafunzi kabla hawajakujua, na kesi moja ya kuiba mtihani inaweza kukula miezi mitatu. Mtaala ni kazi ya pole pole, na matunda yake huonekana miaka miwili mbele. Mitihani inachosha, lakini ndiko mwalimu mpya anakojifunza upesi zaidi. Kwa anayeshinda wodini, kamati ya dawa na ile ya vifo vya uzazi ndizo zinazogusa mikono yake moja kwa moja.

Kabla ya kuchagua, jiulize uamuzi wa mwisho uliokuudhi kazini ulitoka wapi. Dawa haikuwepo? Swali la mtihani lilikuwa bovu? Wanafunzi 30 waliletwa kwenye wodi ya vitanda 20? Ulikotoka uamuzi huo ndiko kwenye kamati yako. Anayejiunga kwa sababu ya posho au kwa sababu mwenyekiti ni jamaa yake, kikao cha nne haonekani tena.

Kisha piga hesabu ya saa. Kamati inayokaa kila mwezi hutaka saa 2 za kikao, saa 3 za kusoma karatasi na saa 2 za kufuatilia ulichopewa. Hizo ni saa 7 kwa mwezi. Ikikaa mara 10 kwa mwaka ni saa 70, karibu siku 9 za kazi. Mwenyekiti na katibu wahesabu maradufu. Nenda na hesabu hiyo kwa mkuu wa idara, mkubaliane ni kipindi gani utaachiwa, na makubaliano yaandikwe. Usipofanya hivyo utazitoa saa hizo kwenye usingizi wako au kwenye vipindi vya wanafunzi.

Hatua ya 1: Omba hadidu za rejea

Usikubali uteuzi kabla ya kuiona karatasi inayoeleza kamati ni ya nini. Aghalabu ni kurasa mbili tu. Tafuta mambo haya ndani yake: kamati inaripoti kwa nani, inaamua au inapendekeza tu, akidi ni wajumbe wangapi, muda wa ujumbe ni miaka mingapi, na nani huandika kumbukumbu.

La kuamua au kupendekeza ndilo huvuruga watu. Kamati ya mitihani ya tawi la chuo, kwa mfano, mara nyingi hupendekeza tu na uamuzi hutoka makao makuu. Mjumbe asiyejua hilo humtangazia mwanafunzi kuwa amefaulu, halafu matokeo yakarudi tofauti. Msamaha wake hapo hauna pa kuwekwa.

Ukiambiwa hadidu hazipo, usikimbie. Kamati nyingi zilianzishwa kwa barua ya mistari mitano na zimeendelea kwa mazoea. Jitolee kuziandika, ukurasa mmoja na nusu. Hakuna njia ya haraka zaidi ya kuielewa kamati, na wenzako watakushukuru hata kama hawatasema.

Hatua ya 2: Kuingia

Mlango wa kamati ni katibu. Yeye ndiye anayejua ni nani amekosa vikao vitatu mfululizo na kiti gani kitakuwa wazi mwezi ujao. Mwendee ana kwa ana, umsalimu, umuulize habari za kazi, ndipo umweleze nia yako. Barua iliyotangulia kabla ya kuonana, hapa kwetu, husomeka kama amri.

Omba kwanza kuhudhuria kikao kimoja kama mwalikwa asiyepiga kura, kisha andika. Barua fupi inatosha:

*Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Dawa na Tiba. Kupitia kwa: Mkuu wa Idara ya Uuguzi. YAH: OMBI LA KUWA MJUMBE. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi na ukunga, nasimamia wanafunzi katika wodi ya wazazi siku tatu kwa wiki. Naomba kuhudumu katika kamati kwa kipindi cha miaka miwili. Ninachoweza kuleta ni ukaguzi wa kila mwezi wa hali ya kuhifadhi dawa wodini, nikisaidiwa na wanafunzi. Mkuu wa idara ameridhia saa 7 kwa mwezi. Wako mtiifu.*

Barua hii inataja kazi, muda na kibali cha mkubwa wako. Haisemi kuwa una shauku kubwa ya kuitumikia jamii. Mwenyekiti amezisoma barua za namna hiyo nyingi.

Ukiteuliwa, dai barua ya uteuzi yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Uteuzi wa mdomo hautakusaidia siku ya kupandishwa cheo, wala siku ya kuulizwa umeziona faili za wagonjwa kwa ruhusa ya nani.

Hatua ya 3: Vikao vitatu vya mwanzo

Mwombe katibu kumbukumbu za vikao sita vilivyopita, uzisome kwa mfululizo, kalamu mkononi. Weka alama kila jambo linalorudi chini ya "yatokanayo", yaani yaliyobaki kutoka kikao kilichopita. Jambo lililorudi mara nne bila kusogea ndilo donda la kamati, na chini yake mara nyingi utakuta mtu asiyetaka liguswe. Usiliguse kikao cha kwanza.

Cha kwanza sikiliza. Cha pili uliza swali moja, la ukweli wa mambo: "Bwana mwenyekiti, friji hiyo iko wodi gani?" Cha tatu omba kazi ndogo yenye mwisho, ambayo utaileta imekamilika kikao cha nne. Mjumbe hupata sauti kwa kazi moja iliyoletwa kwa wakati. Hotuba hazimpi.

Tarehe, saa na maji

Vikao vingi huvunjika kwa sababu ya kalenda tu. Ijumaa baada ya saa tano na nusu hakuna kikao Malindi wala Lamu. Mwezi wa Ramadhani weka saa tatu asubuhi, umalize kabla ya adhuhuri, na usiweke ajenda ndefu majuma mawili ya mwisho. Wakati wa Maulidi, Lamu nzima ina wageni, na nusu ya wajumbe wana watu nyumbani.

Kwa kamati zenye wajumbe wa visiwani, tazama jedwali la maji kabla ya kutuma mwaliko. Anayetoka Faza au Kizingitini kuja Amu, yaani mji wa Lamu, hupita mkondo wa Mkanda, na maji yakitoka mashua haipiti. Kikao cha saa tatu asubuhi siku ya maji kupwa asubuhi ni kikao bila yeye. Msimu wa kusi ukichachamaa, mruhusu ashiriki kwa simu, na iandikwe ndani ya hadidu kuwa aliye kwenye simu anahesabiwa katika akidi. Isipoandikwa, mtu atakuja kuupinga uamuzi na atakuwa na haki.

Karatasi zitumwe siku 7 kabla. Anayegawa ripoti ya kurasa 40 mezani anataka ipite bila kusomwa. Mwambie kwa heshima kuwa itajadiliwa kikao kijacho.

Kuandika azimio litakalofanyika

Hapa tunakaa kidogo, maana hapa ndipo kamati nyingi hufia.

Chukua kamati ya dawa na tiba. Hoja iliyoletwa ni kwamba akina mama wanavuja damu baada ya kujifungua, sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, ya yuniti 10 imechomwa, na damu inaendelea. Sababu ziko nyingi, lakini moja ya kuangaliwa mapema ni uhifadhi. Oksitosini huwekwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Ikikaa juu ya toroli ya wodi ya wazazi mwezi wa Machi, Malindi, nguvu yake hupungua huku chupa ikionekana ile ile. Rangi haibadiliki, harufu haibadiliki. Mkunga anachoma, anasubiri, hakuna kitu.

Kumbukumbu ya kawaida itaandikwa hivi: *Wajumbe walijadili suala la oksitosini kwa kina na kusisitiza umuhimu wa kuhifadhi dawa vizuri.* Hakuna atakayefanya lolote kwa maneno hayo. Iandike hivi:

*Azimio 4/3. Muuguzi msimamizi wa wodi ya wazazi ataweka kipimajoto ndani ya friji ya dawa na kuandika usomaji saa moja asubuhi na saa moja jioni, kuanzia tarehe 5. Juu ya toroli zisikae chupa zaidi ya 2 kwa wakati mmoja, ndani ya kisanduku cha barafu. Umeme ukikatika zaidi ya saa 4, dawa ihamishiwe famasia kuu. Mjumbe wa ukunga ataleta karatasi za usomaji kikao kijacho.*

Azimio lina mtu, tarehe, kipimo na karatasi ya kuleta. Saa 4 na chupa 2 ni mfano. Hospitali yako itapanga zake kwa kupima friji yake inashika baridi muda gani mlango ukiwa umefungwa. Kazi hiyo wape wanafunzi: kipimajoto, saa, na mchana mmoja. Watajifunza uhifadhi wa dawa zaidi kuliko kwa mihadhara miwili.

Tahadhari moja. Kipimajoto kikishaanza kusoma nyuzi 14, kutakuwa na mtu wa kulaumiwa. Mwonye mapema msimamizi wa wodi, kabla ya kikao, ili aje na mpango na asije na hasira. Hili halimo kwenye hadidu zozote, na ndilo linaloziendesha kamati.

Kupitia vifo vya wajawazito

Kamati hii hudai moyo mgumu na ulimi mwepesi wa kunyamaza. Inayohesabiwa ni vifo vya wakati wa ujauzito au ndani ya siku 42 tangu ujauzito ulipokwisha, vinavyotokana na ujauzito au kuzidishwa nao. Ajali za bahati mbaya hazimo. Kifo cha hospitalini huarifiwa ndani ya saa 24 na kupitiwa ndani ya siku 7. Ukichelewa, faili limepotea, muuguzi wa zamu amehamishwa, na kila mtu ameshaandaa maelezo yake.

Kifaa cha kazi ni mfumo wa ucheleweshaji wa aina tatu, ulioelezwa na Sereen Thaddeus na Deborah Maine mwaka 1994: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Chora mstari wa saa ukutani na upachike kila tukio. Kwa mfano wa kubuni: uchungu ulianza Kizingitini saa kumi jioni, mkunga akaitwa saa mbili usiku, zahanati saa tatu, rufaa ikaandikwa saa tatu na nusu, boti ikangoja maji hadi saa saba, hospitali ya Lamu ikafikiwa saa tisa, damu ikapatikana saa kumi na moja alfajiri.

Daktari aliyezoea wodi hukimbilia zile saa mbili za mwisho, kutoka saa tisa hadi saa kumi na moja. Ukizitazama saa zote utaona tatu na nusu zilizokwenda kwa kungoja boti na maji. Pendekezo la "wauguzi wapewe semina" halijibu kitu hapo. Linalojibu ni nahodha aliyeandikwa jina kwa kila wiki, mafuta ya safari moja yaliyofungiwa zahanatini, na kanuni kuwa anayevuja damu au mwenye kifafa cha mimba hasubiri rufaa iandikwe ndipo boti iitwe. Siku za maji ya kupwa usiku, mjamzito mwenye hatari inayojulikana ahamishiwe Amu kabla ya siku zake.

Kikaoni hakuna majina. Wala mgonjwa, wala muuguzi, wala daktari. Karatasi hubeba namba. Kamati ikigeuka kuwa mahakama, vifo vijavyo havitaarifiwa, na zaidi ya hapo hakuna cha kupitia. Mwanafunzi anaweza kuhudhuria kwa ruhusa ya mwenyekiti, baada ya kula kiapo cha siri, na asiwe aliyekuwa zamu usiku huo.

Kamati ya maadili: kusoma fomu ya ridhaa

Mwongozo wa kimataifa wa majaribio ya tiba, GCP, unataka wajumbe wasiopungua watano, angalau mmoja asiye wa fani ya sayansi na mmoja asiyefungamana na taasisi. Huyo asiye mwanasayansi asiwe pambo. Kilifi, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI (taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba) na Wellcome (shirika la Uingereza linalofadhili utafiti) kipo tangu 1989, watu wa vijijini wameshazoea kuulizwa maswali ya watafiti na wao pia kuuliza yao. Mama wa Marafa au mvuvi wa Ngomeni ataona kwenye fomu kitu ambacho maprofesa watatu wamekiruka.

Mpitiaji mkuu wa andiko la utafiti ajitengee saa 3 hadi 4. Anza na fomu ya ridhaa, si mbinu za takwimu. Isome kwa sauti. Mfano wa sentensi inayoletwa mara kwa mara:

*Utatolewa mililita 10 za damu kwa ajili ya uchambuzi na uhifadhi, na utagawiwa kundi kwa bahati nasibu.*

Mililita 10 kwa asiyezitumia ni kiasi gani? Sema vijiko viwili vya chai. Damu huku ina uvumi wake, na kiasi kisichofahamika ndicho kinachoulisha. "Uhifadhi" ni wapi, kwa miaka mingapi, na inasafirishwa nje ya nchi au la? Nayo "bahati nasibu" kwa vijana wa leo ni kamari. Msomaji ataelewa kuwa kuna atakayeshinda. Afadhali "kama kurusha shilingi: si wewe wala daktari atakayechagua". Dawa isiyo na kitu iitwe hivyo hivyo, dawa isiyo na kitu ndani, na sababu ya kuitumia ielezwe.

Ikiandikwa upya: *Tutatoa damu mkononi mara moja, kiasi cha vijiko viwili vya chai. Tutaipima maabara ya Kilifi. Itakayobaki tutaiweka miaka 5, kisha itaharibiwa. Haitapelekwa nje ya nchi. Ukikataa, au ukikubali leo na kesho ukabadili nia, utatibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote.*

Angalia pia lugha. Kiswahili cha fomu kinatosha mjini Malindi, lakini ukivuka kwenda bara unahitaji Kigiriama, na Kiamu au Kibajuni si kile cha vitabuni. Dai tafsiri irudishwe kwenye lugha ya kwanza na mtu mwingine, hapo makosa huonekana. Nauli irudishwe yote, kwenda na kurudi, na fidia ya muda iwe ya kiasi. Ikiwa kubwa mno, hakuna atakayeweza kukataa. Na mwanafunzi asiwe mshiriki wa utafiti wa mwalimu anayemsahihishia mtihani. Atasema ndiyo kwa woga.

Maamuzi yako manne: kupita, kupita baada ya marekebisho madogo, kurudi kwa marekebisho makubwa, kukataliwa. Ukirudisha, andika kila hoja kwa namba na ukurasa wake. "Boresha Kiswahili" si hoja.

Kamati ya mitihani kwa hesabu

Mtihani wa vituo, ambao mwanafunzi hupita kituo baada ya kituo akifanya kazi moja kila kituo, uliobuniwa na Ronald Harden wa Dundee mwaka 1975, unapendwa na kila kamati mpaka ipigwe hesabu. Vituo 12, kila kimoja dakika 6 na dakika 1 ya kuhama, ni dakika 84 kwa mzunguko wa wanafunzi 12. Darasa la 48 ni mizunguko 4, dakika 336, yaani saa 5 na dakika 36 kabla ya mapumziko. Vituo 9 vikiwa na mtahini, wodi zimekosa watu 9 siku nzima. Omba tarehe miezi miwili kabla, na waliomaliza wasikutane na wanaosubiri: chumba tofauti, choo tofauti, simu zote ndani ya bahasha.

Baada ya mtihani wa kuchagua jibu, kagua maswali. Chukua wanafunzi wenye jumla ya alama za juu na wenye za chini, asilimia 27 ya darasa kila upande. Kwa darasa la 48 ni wanafunzi 13 na 13. Swali likipatwa na 9 wa juu na 10 wa chini, toa, gawa kwa 13: hasi 0.08, yaani wa chini wamelipata kuliko wa juu. Huenda ufunguo wa majibu umekosewa, au swali lina majibu mawili. Swali zuri hufikia 0.2 au zaidi. Kamati ilifute au ikubali majibu yote mawili kabla ya matokeo kubandikwa, na iandike sababu.

Maslahi, siri na simu

Mwanzoni mwa kila kikao mwenyekiti aulize nani ana maslahi katika ajenda. Mpwa wako yumo kwenye rufaa ya mtihani? Mke wako anauza vifaa vya hospitali? Utafiti unaopitiwa ni wa mwanafunzi wako? Tangaza, toka nje wakati wa mjadala, na kumbukumbu iandike ulitoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Malindi ni mji mdogo, undugu hauna mwisho, na hakuna atakayekushangaa kwa kutangaza. Atashangaa akigundua ulinyamaza.

Kundi la WhatsApp la kamati litumike kwa tarehe na nauli tu. Picha ya faili la mgonjwa au orodha ya alama ikishaingia humo huna tena mamlaka nayo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu wewe uliyeituma. Karatasi zenye majina zikusanywe mwisho wa kikao na kuchanwa.

Kumbukumbu zako mwenyewe

Fungua faili moja. Weka barua ya uteuzi, tarehe za vikao ulivyohudhuria, na kwa kila azimio ulilolisimamia: lilikuwa nini, lilifanyika lini, ushahidi uko wapi. Kwenye maombi ya kupandishwa cheo, "Mjumbe, Kamati ya Dawa, 2023–2025" huwa na uzito mdogo. "Nilianzisha usomaji wa joto la friji wodi ya wazazi, karatasi za miezi 14 zimeambatishwa" husomwa mara mbili. Uliza baraza lako la taaluma kama kazi hiyo inahesabiwa kwenye alama za mafunzo endelevu, na uulize kabla ya kuanza, maana huenda wakataka fomu isainiwe kila kikao.

Kutoka

Muda wako ukiisha, toka, hata wakikubembeleza. Kamati yenye wajumbe wale wale miaka minane huanza kukubaliana kabla ya kujadili.

Miezi mitatu kabla ya kuondoka, mtafute mwenzako wa kukurithi, umlete kama mwalikwa. Mwandikie ukurasa mmoja: mambo yaliyo wazi, nani anangoja nini kutoka kwako, na watu wa kuwaona kabla ya kikao na sababu. Mkabidhi faili za karatasi mbele ya katibu, mtie saini wote watatu, mwandike tarehe. Kisha futa nakala za simu na za kompyuta yako, ujitoe kwenye kundi la WhatsApp, na ufunguo wa kabati uurudishe kwa katibu mwenyewe, si kwa mlinzi wa getini.